Platuni Kamili, Afande

Filimbi ilipolia, hanga zima la wasichana liliamka kwa mkupuo mmoja. Hanga ndilo jina la bweni katika Shule ya Sekondari Chilanga, nje kidogo ya jiji la Dodoma, maana shule hiyo inaendeshwa na wanajeshi na vitu vyake vingi vina majina ya kijeshi. Mwalimu anaitwa afande. Mwanafunzi mgeni anaitwa kuruta, hata kama kwao alikuwa mtoto wa kudekezwa. Anayekwepa kazi anaitwa mtegaji, na hilo ndilo jina baya kuliko yote. Mtu akishabandikwa jina la mtegaji, atakwenda nalo bwaloni, darasani na bafuni, na kulibandua si kazi ndogo.

Dorkasi Mazengo aliruka kutoka kitandani kabla ya wenzake, akakaza shuka, akafunga kamba za buti, kisha akapita kitanda hadi kitanda akiwahimiza wengine. Alikuwa kidato cha pili na kamanda wa Platuni ya Pili, kikosi cha wasichana wa hanga hilo. Alipofika shuleni mwaka uliotangulia, akitokea Haneti, wenzake walimcheka kwa Kiswahili chake chenye ladha ya Kigogo. Siku ya kwanza aliwasalimu kwa kusema "mbukwenyi", kama wanavyosalimiana kwao, na kwa wiki nzima watu wakawa wanamwita Mbukwenyi. Sasa hakuna aliyethubutu. Dorkasi akisema "mguu sawa", hata njiwa waliokuwa juu ya bati walikaa sawa.

Baada ya mchakamchaka, usafi na uji, wote walikusanyika uwanjani kwa paredi ya asubuhi. Hapo kila kamanda wa platuni alitoka mbele, akapiga saluti mbele ya Sajenti Cecilia, afande aliyesimamia paredi, na kutoa ripoti ya watu wake. Zamani ripoti hiyo ilikuwa ndefu. Kamanda alitaja waliopo, walio wagonjwa na walioomba ruhusa. Kadiri miaka ilivyopita, wanafunzi wenyewe waliifupisha. Ikiwa wote walikuwa wamesimama kwenye mstari, kamanda alisema tu, "Platuni kamili, afande," akarudi mahali pake. Likawa ndilo neno la kujivunia. Platuni iliyokuwa kamili muhula mzima ndiyo iliyochaguliwa kubeba bendera ya shule siku ya wazazi.

Muhula huo mashindano yalikuwa makali kweli. Zilibaki platuni mbili tu ambazo hazijapata mgonjwa, ya Dorkasi na ile ya wavulana iliyoongozwa na Iddy. Iddy alikuwa na mdomo. Kila wakikutana bwaloni alimuuliza Dorkasi kama wasichana wake hawajaanza kukohoa. Maneno yale yalimkaa Dorkasi rohoni.

Kilichomkaa zaidi ni baba yake. Mzee Bartolomayo Mazengo alikuwa mkulima wa mtama na alizeti, na tangu binti yake aanze shule hiyo hakuwahi kupata nafasi ya kuja. Safari hii alisema atakuja Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe. Dorkasi alipozungumza naye kwa simu ya shule, furaha ilimzidi, akamwambia kwamba yeye ndiye atakayetembea mbele na bendera. Alisema hivyo kabla hajaipata hiyo bendera! Alipokata simu alijiambia kwamba si uongo, ni jambo lililochelewa tu kutokea. Hivyo ndivyo mtu anavyoanza kujidanganya, kidogo kidogo, huku akitabasamu.

Jioni ya Jumanne, bwaloni, rafiki yake Anitha alisukuma sahani yake pembeni. Anitha alikuwa mtoto wa Chang'ombe, hapohapo mjini Dodoma, mcheshi, mpenda chakula, wala si mtu wa kuacha ugali na maharage. Mama yake alikuwa karani katika wizara moja kule Mtumba na hakuwa na mtoto mwingine. Dorkasi alipomuuliza ana nini, Anitha alisema tumbo linamsokota pale kwenye kitovu. Walipotoka alikimbilia nyuma ya mabafu akatapika.

Naima, aliyelala kitanda cha jirani yao, alisema wampeleke zahanati mara moja. Anitha mwenyewe ndiye aliyekataa kwanza. Alisema labda ni yale maharage, na kwamba hawezi kuwa yeye wa kuiangusha platuni wakati siku ya wazazi iko karibu hivyo. Dorkasi alimletea maji, akamfunika shuka, akamwambia yeye ni jasiri. Anitha alicheka kidogo huku amejikunja.

Asubuhi ya Jumatano hakucheka tena. Maumivu yalikuwa yamehama kutoka kitovuni yakashuka upande wa kulia, chini, na kila akinyanyua mguu yalimchoma. Alimvuta Dorkasi kando wakati wengine wanafagia.

"Dori, mimi nadhani niende zahanati," alisema. "Hili si tumbo la kawaida."

Dorkasi alijua kwamba rafiki yake anasema kweli. Alikuwa ameuona uso wake, na jasho lililomtoka wakati hewa ya asubuhi bado ina ubaridi. Lakini alimwona pia Iddy akicheka, na baba yake amekaa kwenye kiti akiangalia bendera ikipita mikononi mwa mtu mwingine.

"Ukienda utalazwa, na ukilazwa tumekwisha," alisema. "Vumilia mpaka Jumamosi tu. Unataka watu wakuite mtegaji?"

Anitha alimtazama rafiki yake, kisha akainama, akafunga kamba za buti zake polepole, akaenda kusimama kwenye mstari. Dorkasi alimpanga katikati, ambapo wawili wa pembeni wangeweza kumshikilia kwa mabega. Halafu alitoka mbele, akapiga saluti safi kabisa, akasema platuni kamili. Sajenti Cecilia aliitikia kwa kichwa na kumshukuru.

Siku hiyo ilikuwa ndefu. Anitha hakula mchana, na usiku Naima alisikika akimbembeleza anywe maji. Dorkasi alijifunika shuka gubigubi, akajifanya amelala fofofo, kumbe yu macho. Moyo ulimwambia ainuke amwite afande wa zamu. Akauambia moyo usubiri.

Alhamisi alfajiri kukatokea jambo lililowafurahisha wote. Anitha aliamka, akakaa kitandani, akasema maumivu yamekata. Yamekata yenyewe, ghafla, kama mtu aliyezima taa. Alikuwa amelegea na midomo imemkauka, lakini aliweza kusimama bila kushika ukuta. Dorkasi alimshukuru Mungu kwa sauti. Alimwambia Naima aone sasa, hofu yote ile ilikuwa ya bure. Na kwenye paredi Dorkasi alisema neno lake kwa moyo mweupe, maana safari hii aliamini kabisa kwamba ni kweli.

Ilipofika saa ya mazoezi ya gwaride, jua la Novemba lilikuwa limewaka vibaya. Mvua zilikuwa hazijaanza, na upepo wa Dodoma ulikuwa ukizoa vumbi na kuwatupia machoni. Walipogeuka kulia na kuanza kutembea, Anitha alipiga hatua chache, akayumba, akaanguka chini kwa ubavu.

Sajenti Cecilia alifika kwanza. Alimwinua yeye mwenyewe, mwanamke yule mrefu, akaagiza machela iletwe. Dorkasi na Naima walisaidia kuibeba mpaka zahanati ya shule, ambako Tabibu Fabian alikuwa akihudumia watoto waliochubuliwa na buti. Hakushangaa sana. Wiki ile alikwisha kupokea wengine waliozimia kwa jua, na wote walikuwa wamepata nafuu baada ya kivuli na maji ya chumvi na sukari.

Alimpima Anitha joto, akasema limepanda kiasi. Akamuuliza kama anaumwa kichwa au tumbo. Anitha alifumbua macho, akamwona Dorkasi mlangoni, akasema hapana, ni jua tu. Hata pale, akiwa amelala hoi, bado alikuwa akiilinda platuni.

Tabibu aligeuka kwa Sajenti Cecilia.

"Siku hizi mbili tatu, kuna dalili yoyote aliyokuwa nayo? Kutapika, kukosa hamu ya kula?"

"Hakuna," alisema Sajenti bila kusita. "Platuni yake imeripoti kamili kila siku. Asubuhi hii pia."

"Basi ni jua. Akae hapa anywe maji, nitamwangalia tena jioni."

Sajenti aliwaambia wasichana warudi mazoezini. Naima alimkodolea Dorkasi macho makavu, yasiyopepesa, kama anayesubiri kamanda aseme mwenyewe. Dorkasi akatoka nje. Alitembea kuelekea uwanjani, na njia nzima alikuwa akijitetea kichwani mwake. Tabibu amesoma. Tabibu ameona wagonjwa wengi. Maumivu si yamekwisha? Jioni atamwangalia tena, sasa kuna haraka gani?

Lakini kila alipojitetea, alisikia sauti ya Sajenti ikisema "hakuna". Ile haikuwa sauti ya mtu anayebahatisha. Sajenti alikuwa na uhakika, na uhakika huo aliupata kwa Dorkasi. Tabibu naye aliupata kwa Sajenti. Na juu ya uhakika huo Anitha angelala pale mpaka jioni. Dorkasi aliona jinsi neno lake moja lilivyotoka uwanjani likaingia zahanati na kukaa kitandani kwa mgonjwa, akaogopa.

Alisimama katikati ya njia. Akifungua mdomo, bendera imekwenda. Ukamanda umekwenda. Baba atakuja kutoka Haneti kuangalia aibu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Halafu akageuka, akaanza kukimbia kurudi alikotoka, buti zikipiga changarawe.

"Afande," alisema mlangoni, akihema. "Nimekudanganya. Platuni haikuwa kamili."

Sajenti Cecilia hakumkemea. Alimwambia aseme yote, tena aanze mwanzo. Dorkasi akasema: tumbo la Jumanne jioni, kutapika, maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia kulia, siku nzima bila kula, na jinsi Anitha alivyoomba kuja zahanati akazuiwa. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini hakunyamaza. Alipofika kwenye habari ya alfajiri, kwamba maumivu yalikata ghafla, Tabibu Fabian aliinuka kwenye kiti.

Alimlaza Anitha vizuri na kumbonyeza tumbo taratibu kwa vidole, kwanza kushoto, kisha kulia. Tumbo lilikuwa limekakamaa kama ubao. Anitha akapiga ukelele.

"Kidole tumbo," Tabibu alisema. "Na nahofia kimepasuka. Kikipasuka, maumivu yanaweza kupungua kwa saa chache, mtu akadhani amepona, kumbe uchafu unasambaa tumboni. Afande, huyu hasubiri jioni. Hata saa moja hasubiri. Gari."

Gari la shule liliondoka likitimua vumbi kuelekea hospitali kubwa ya mjini, Tabibu akiwa nyuma na mgonjwa wake, Sajenti kando ya dereva. Mama yake Anitha alipigiwa simu kazini. Dorkasi alibaki ngazini mwa zahanati. Hakuna aliyemwambia aondoke wala abaki.

Sajenti Cecilia alirejea alasiri. Alimkuta palepale. Alimwambia kwamba Anitha amefanyiwa upasuaji, kwamba kilikuwa kimepasuka kweli, na kwamba madaktari wanasema atapona ingawa atalala hospitali kwa siku kadhaa. Wangekawia mpaka jioni, hali ingekuwa nyingine. Dorkasi alilia kwa sauti, na Sajenti alimwacha alie mpaka alipomaliza. Kisha akaketi naye ngazini, jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuliona.

"Niambie maana ya kamili," alisema.

"Ni kwamba hakuna mgonjwa, afande. Wote wako kwenye mstari."

"Hapo ndipo mlipopotea, na sisi wakubwa tukawatazama mkipotea. Kamili ni hesabu, Dorkasi. Maana yake ni kwamba kamanda anajua kila mtu wake alipo na hali aliyonayo. Wagonjwa wakiwa kumi, ukawataja wote kumi, ripoti yako ni kamili. Mgonjwa akiwa mmoja, ukamficha, ripoti yako ina tundu, hata kama wote wamesimama wima. Mimi siwezi kuingia kila hanga na kumgusa kila mtoto paji la uso. Ninasimama juu ya neno lako. Leo nimemwambia tabibu jambo la uongo nikiwa naapa kwamba ni kweli, na mtoto wa watu alikaribia kufa."

Dorkasi alisema anajua, na kwamba anaomba adhabu. Sajenti akamjibu kwamba ukamanda anaondolewa kuanzia sasa, Naima ataushika. Bendera itakwenda kwa platuni ya Iddy. Lakini akaongeza kwamba kuanzia muhula ujao hakuna platuni itakayopewa zawadi kwa kukosa wagonjwa, maana zawadi ya namna hiyo inawafundisha watoto kuficha. Hilo lilikuwa kosa la wakubwa, na wakubwa wangelirekebisha.

"Na kitu kimoja zaidi," alisema akiinuka. "Ulirudi. Ulikuwa umeshafika mbali, hakuna aliyekufuata, na ulirudi. Hilo nalo nalihesabu."

Jumamosi wazazi walijaa chini ya mahema. Mzee Bartolomayo alikuja amevaa koti lake la kanisani, akakaa mstari wa mbele ili amwone binti yake vizuri. Bendera ilipopita, aliyeibeba alikuwa mvulana. Mzee aligeuza shingo huku na huku. Dorkasi alikuwa safu ya mwisho, anatembea kama wengine, na kila hatua ilikuwa nzito. Iddy, tumpe haki yake, hakumcheka. Alipopita karibu naye kabla ya gwaride alimuuliza tu Anitha anaendeleaje.

Gwaride lilipokwisha, Dorkasi alimwamkia baba yake, akamweleza kila kitu kabla mzee hajauliza. Hakutia chumvi, hakupunguza. Alianza hata na ile simu, jinsi alivyojitangazia bendera ambayo hakuwa nayo. Baba alisikiliza akiangalia viatu vyake. Kilichomuumiza Dorkasi ni kwamba hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema tu, "Mimi nilikuja kukuona wewe. Bendera nimeziona nyingi." Kisha akaenda kumwomba Sajenti ruhusa ya kumpeleka binti yake hospitali.

Wodini walimkuta Anitha amelala, mkononi ameingiziwa dripu. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, nguo za kazini bado mwilini, macho mekundu kwa kukesha. Mzee Bartolomayo alimpa pole. Mama alipojua kwamba msichana aliyesimama nyuma ndiye Dorkasi, aliinuka, akamkumbatia kwa nguvu.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Tabibu wenu ameniambia. Amesema kuna rafiki yake aliyekimbia kuja kusema dalili zote, ndiyo maana mwanangu yuko hai. Mungu akubariki, mwanangu."

Dorkasi alibaki amekumbatiwa, mikono yake ikining'inia. Alielewa papo hapo kwamba Tabibu hakumsimulia mama ile nusu nyingine. Labda kwa haraka, labda kwa huruma. Na alielewa kwamba akikaa kimya, mambo yatakwisha hivi hivi, kwa baraka na shukrani. Baba yake alikuwa akimwangalia. Hakumkonyeza wala hakumsaidia.

"Mama, naomba uniachie kwanza," alisema. Mama alimwachia. "Ni kweli nilisema. Lakini Anitha aliniomba aende zahanati tangu Jumatano, na mimi ndiye niliyemkatalia. Nilimwambia ataitwa mtegaji. Nilitaka platuni yetu ibebe bendera. Nisamehe."

Mama Anitha alirudi kwenye kiti chake, akakaa. Aliziba mdomo kwa mkono. Nesi alipita akisukuma kitoroli upande wa pili wa wodi. Dorkasi alisubiri kupigwa, au kufukuzwa, na alijua kwamba vyovyote itakavyokuwa ni haki yake.

"Nimekukasirikia," mama alisema hatimaye. "Nimekukasirikia sana, sikufichi. Mtoto wangu ni huyu huyu mmoja. Na shukrani niliyokupa siirudishi, maana hata hiyo ni kweli. Yote mawili ni yako. Utakwenda nayo." Alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ungekaa kimya nisingejua. Siku Anitha angeniambia, ningekuchukia maisha yangu yote."

Anitha alikuwa ameamka. Hakuna aliyejua alikuwa macho tangu lini. Alinyoosha mkono usio na dripu, akamshika Dorkasi kidole kimoja, akakivuta kwa udhaifu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba na yeye alimdanganya tabibu, kwa hiyo wasimlaumu mmoja peke yake. Mama yake akamwambia anyamaze, zamu yake ya kugombezwa itafika akishapona.

Kisha mama alisimama, akajinyoosha kiuno. Alisema hajalala tangu Alhamisi na anataka kwenda kunawa uso na kutafuta chai. Alimtazama Dorkasi, halafu akamtazama mwanawe, kama mtu anayepima. Mzee Bartolomayo alisema atamsindikiza.

"Kaa naye," mama alimwambia Dorkasi. "Nikirudi nitakuuliza anaendeleaje."

Dorkasi alikaa kwenye kiti cha mbao. Hakuondoa macho kitandani. Anitha alisinzia, akazinduka, akaguna. Aliuliza kama Iddy alibeba bendera vizuri, akaambiwa aliishika kombo kidogo, akataka kucheka, akashika tumbo na kukunja uso. Dorkasi aliinuka mara moja, akamtafuta nesi.

Mama aliporejea, Dorkasi alisimama wima bila kufikiri, miguu pamoja, mikono ubavuni.

"Anaendeleaje?"

"Amelala kidogo, mama. Alipotaka kucheka mshono ulimuuma sana, nikamwita nesi, akamtazama, akasema haujaachia. Maji hajapewa bado. Joto lake nesi amepima, limepanda kidogo tena, na amesema atamwambia daktari sasa hivi. Na ameniambia anaogopa, ila hakutaka nikuambie."

Mama Anitha aliweka kikombe cha chai dirishani. Aliinama, akamshika binti yake paji la uso, akabaki hivyo kidogo. Kisha akavuta kiti cha pili, akakiweka karibu na kile cha mbao.

"Hivyo ndivyo nilivyotaka kuambiwa," alisema, "pamoja na yale yanayouma. Kaa chini, mwanangu. Tumsubiri daktari."